Je, wajua kwa nini samaki wanaofanana huuana ndani ya tangi la kioo?

Kinyozi mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliweka tangi la kioo saluni kwake ili wateja wanaosubiri zamu wapate cha kutazama. Vijana wa Bangwe wakamletea samaki wanane wa kwenye mawe, weusi, kila mmoja na mkanda hafifu nyuma ya kichwa, wote kama mapacha. Nilipokwenda kunyoa Jumapili ya pili, alikuwa amebaki mmoja. Mnene, mapezi hayana hata mchubuko, anazunguka kioo kama askari wa zamu. Wateja walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni dawa ya maji ya bomba, mwingine akasema joto. Mzee aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu, akasema hapana, hilo ni jicho la watu.

Muuaji alikuwa mbele yao, anaogelea. Na alichofanya hakina uchawi. Ni tabia ileile inayomlisha ziwani, ila safari hii imefungiwa kwenye kioo cha urefu wa mita moja.

Ukiingia majini kwenye ufuko wenye mawe, Bangwe au Katonga (baada ya kuwauliza wenyeji habari za mamba), jambo lenyewe utaliona bila kuzama sana. Kila jiwe lina utando wa mwani, na kila kipande cha jiwe kina mwenyewe. Samaki hawa, ambao wataalamu huwaita Tropheus, hukwangua mwani kutwa nzima kwa vijino vilivyojipanga kama brashi. Jiwe ndilo shamba lao. Akipita samaki anayekula konokono au wadudu wa mchangani, mwenye jiwe hageuki hata kumtazama. Akipita mla mwani mwenzake, hasa mwenye umbo na rangi kama yake, anafukuzwa mbio. Samaki hana namna ya kumhoji mgeni amekuja kula nini, kwa hiyo anamsoma kwa sura. Anayefanana nami anakula ninachokula, na kama ni dume, anawataka majike ninaowataka mimi.

Ziwani ugomvi huo huisha haraka. Aliyeshindwa anajitoa, anapotea nyuma ya jiwe, na kwa kuwa haonekani tena, kesi imekwisha. Kuondoka ndiko kusalimu amri kwenyewe. Sasa mweke kwenye tangi. Anakimbia, anagonga kioo, anarudi. Bado anaonekana. Kwa mshindi, samaki aliyefukuzwa mara thelathini na bado yupo ni mkaidi, si mnyonge, kwa hiyo kipigo kinaendelea. Mnyonge anajibanza pembeni juu kabisa, karibu na mpira wa pampu ya hewa, rangi inafifia, hali chakula, magamba yanabanduka, na siku ya nne au ya tano anaelea. Hapo mshindi anahamia kwa anayefuata. Kwa wanane, wiki mbili zinatosha kabisa.

Wahenga walisema ndege wafananao huruka pamoja. Wafugaji wa samaki wa Tanganyika hujifunza kinyume chake, na kwa gharama: wanaofanana ndio wanaogombana, wasiofanana ndio wanaokaa.

Jambo linaloshangaza ni kwamba dawa ya ugomvi huu mara nyingi ni kuongeza samaki, si kupunguza. Wafugaji wazoefu wa Tropheus huanza na kundi la 15 au 20, wa aina moja, wote wakiingizwa siku moja. Mbabe akimwandama mmoja, mwingine anakatiza mbele yake, anamfuata huyo, anakatiza wa tatu. Kipigo kinagawanyika mpaka hakimfikii mtu kikamilifu. Ukimleta mmoja mpya baada ya mwezi, hana atakaposhika, maana kila jiwe limeshapata mwenyewe. Njia ni kuyapangua mawe yote na kuyapanga upya siku ya kumwingiza mgeni, ili na wenyeji nao waanze kutafuta viwanja. Kundi la namna hiyo linahitaji tangi la kweli: sentimeta 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300, yaani kilo 300 za maji, sawa na mifuko sita ya saruji, kabla hujahesabu mawe na kioo chenyewe. Meza ya kawaida isibebeshwe mzigo huo.

Usipotaka kundi la aina moja, unachanganya, na kuchanganya ni kazi ya kupanga wapangaji kwenye nyumba ya ghorofa. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, ukoo wa sato na kuhe, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wametosha humo kwa sababu wamegawana nafasi. Kuna wa mchangani wanaoishi ndani ya maganda ya konokono waliokufa, wengine urefu wao haufiki kidole cha mkono. Kuna wa kwenye nyufa za mawe. Kuna wembamba wa maji ya wazi, Cyprichromis, wanaoelea kwa makundi juu ya miamba wakidokoa vijidudu. Weka maganda upande mmoja kwenye mchanga, mawe upande wa pili, acha juu wazi, na jamii hizo tatu zinaweza kukaa miaka bila kupeana hodi.

Wa maganda ndio niwapendao. Kuna aina moja, Lamprologus callipterus, ambayo dume humzidi jike uzito zaidi ya mara kumi. Jike huingia ndani ya ganda kutaga. Dume hatoshi, kwa hiyo kazi yake ni kukusanya maganda, anayabeba kwa mdomo moja moja mpaka anakuwa na lundo. Wengine huiba la jirani, jike akiwa ndani. Mahari ya namna hiyo sijaisikia kwingine.

Lakini ghorofa peke yake haimalizi habari. Kuna tumbo. Utumbo wa Tropheus ni mrefu sana, umeumbwa kwa mwani, na ukimlisha unga wa dagaa kila siku tumbo huvimba na hufa. Wenzake wa ghorofa ya chini wanahitaji nyama. Ukiwachanganya, lazima mmoja ale chakula cha mwingine, na anayeumia ni mla mwani. Mimi nisingewaweka pamoja kabisa, ingawa wapo wanaojaribu.

Kuna mdomo pia: samaki anayeweza kumezwa atamezwa. Yule mkubwa mwenye nundu kichwani na milia ya bluu nyeusi, Cyphotilapia frontosa, ambaye wa Kigoma wanasifika kwa milia saba, anapendwa kwa sababu ni mpole na hana haraka. Anaweza kufika sentimeta 30. Watu humweka na wale wembamba wa maji ya wazi kwa kuwa rangi zao zinapendezana. Ziwani yeye huwakula haohao, wakati wa giza la alfajiri kabla hawajachangamka. Kwa hiyo kila asubuhi mwenye tangi anahesabu na kukuta pungufu, bila kuona vita yoyote.

Na kuna uzazi, ambao hubadilisha tabia ya mpole kuwa simba. Neolamprologus brichardi, mdogo, mwenye mapezi marefu kama pindo la kanga, alipewa jina hilo kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Ukinunua wawili, watatulia. Wakizaa, watoto hawaondoki. Wakubwa hubaki kulinda wadogo zao, na wadogo wakikua hulinda wanaofuata. Baada ya mwaka una ukoo mzima, na wageni wote wamebanwa kwenye kona moja ya juu. Bora kumpa tangi lake peke yake tangu mwanzo.

Wapo ambao hata uwapange vipi hawafai. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wengine wakiwa hai. Mdomo wake umepinda: wengine wamepinda kushoto, wengine kulia, na kila mmoja hushambulia ubavu unaoendana na mdomo wake. Kwa macho ya haraka ni samaki wa kawaida tu wa kijivu. Ndiyo maana kuvua ovyo kwa chandarua na kumimina tangini ni kamari, mbali na kwamba biashara ya samaki wa mapambo inataka leseni, na kwamba kwenye maji yaliyo ndani ya hifadhi ya Mahale au Gombe hutakiwi hata kujaribu.

Kupatana kwa mwisho ni kwa samaki na maji yenyewe, na hapa nimlete binamu yangu wa Tabora. Alichukua samaki kumi ndani ya dumu la lita ishirini, akapanda nao treni. Karibu kilomita 400, dumu limefungwa, wakafika wazima wote. Akafungua mfuniko, akatumbukiza mpira wa pampu ya hewa ili wapumue vizuri kabla ya kuwahamisha. Ndani ya saa moja walikuwa wamelala ubavu.

Huruma ndiyo iliyowaua. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia mashavu yao. Maji yenye pH ya 7 (pH ni kipimo cha asidi ya maji, na kadiri inavyopanda ndivyo asidi inavyopungua) huifanya karibu yote ikae katika hali isiyodhuru. Sehemu iliyo sumu haifiki hata moja katika mia. Maji yenye pH ya 9, kama ya Tanganyika, kwa joto la nyuzi 25, sumu ni zaidi ya theluthi ya amonia yote. Ndani ya dumu lililofungwa, hewa ya ukaa wanayoitoa samaki huteremsha pH, na amonia inakusanyika bila kuwadhuru sana. Ukifungua na kuyapulizia maji hewa, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na uchafu wote wa safari unageuka sumu kwa mkupuo. Njia salama ni kuwatoa kwa wavu mara unapofungua, kuwaweka kwenye maji yaliyokwisha kuandaliwa, na kuyamwaga ya dumu nje.

Kwa sababu hiyohiyo tangi jipya huachwa wiki nne hadi sita chujio likifanya kazi, likilishwa chakula kidogo cha samaki kioze, mpaka bakteria wanaokula amonia wajazane kwenye sifongo. Anayefuga samaki wa Tanganyika hana nafasi ya kukosea hapo, maana maji yao hayasamehe amonia.

Sisi wa Kigoma tuna bahati, bomba letu ni ziwa lilelile. Ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, unatumia. Ziwa lina madini mengi kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake huondoka kama mvuke, si kwa mto. Lukuga, upande wa Kongo, hutoa kidogo tu, na chumvi hubaki. Tabora siku hizi bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria, ambayo madini yake ni machache mno ukilinganisha na ya Tanganyika. Binamu yangu sasa anaweka mawe ya chokaa chini ya tangi. Jirani yake anafuga wale wadogo wa Amazon wenye mstari wa bluu unaong'aa, wanaotaka maji laini, yaani ya madini machache, yenye asidi kidogo, na amemwomba mara mbili wachangie tangi moja. Amekataa.

Yule kinyozi hakuongeza samaki. Alilisogeza tangi ukutani kupata nafasi ya kiti cha pili, likaelekeana na kile kioo kikubwa cha kunyolea. Siku hiyohiyo samaki aliacha kula. Alikuwa ameona mwenzake mweusi, mnene, mwenye mkanda hafifu nyuma ya kichwa, asiyekimbia hata akipigwa vipi. Alishinda akikigonga kioo kwa pua mpaka jioni, kinyozi alipobandika gazeti upande ule.