Vijitabia vya ajabu: ni nini hasa na kwa nini mtu anashindwa kuviacha

Kila mtu anacho kimoja, hata anayejifanya hana. Kuna mtu hawezi kuacha sauti ya TV kwenye namba witiri, lazima iwe 20 au 22. Kuna anayeanza na kiatu cha kushoto na akikosea anavua vyote anaanza upya, na kuna yule anayefunga mlango, anatembea hatua kadhaa halafu anarudi kutingisha kitasa. Hivyo ndo vijitabia, yani vitu vidogo mtu anavirudia kwa namna ileile, hakuna aliyemfundisha, ukimuuliza faida yake hana jibu, ila asipovifanya anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Hapo kwenye kuhisi ndo penyewe. Kupiga mswaki kila asubuhi ni tabia ya kawaida tu, ila kama ni lazima uanze na meno ya juu kulia la sivyo siku haiendi, hicho sasa ni kijitabia.

Vinatoka wapi? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani B.F. Skinner aliandika kuhusu njiwa 8 wenye njaa aliowafungia kwenye visanduku, chakula kinakuja chenyewe kila baada ya muda uleule, njiwa afanye kitu asifanye, msosi uko palepale. Njiwa 6 wakazuka na mambo yao. Mmoja anazunguka kinyume cha saa raundi mbili tatu kabla chakula hakijaja, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu ya kisanduku, wengine wanayumbisha kichwa huku na huku. Skinner alisema ni hivi, chakula kilipotokea njiwa alikuwa katikati ya kufanya jambo fulani kwa bahati tu, akalirudia, chakula kikaja tena (kingekuja tu!), bas ikawa imeingia kichwani. Baadaye, 1971, watafiti wawili, Staddon na Simmelhag, walirudia jaribio hilo wakasema sio bahati tu, mengi ya yale ni mambo ambayo njiwa hufanya akiwa anasubiri kula. Mi naona hii inatuhusu hata zaidi, maana angalia vijitabia vingi vya watu vinatokea saa ngapi: kwenye foleni, kabla ya mtihani, ukisubiri simu. Mwili unataka kufanya kitu na hakuna cha kufanya, kwa hiyo mguu unacheza, kucha zinatafunwa, wasiwasi unashuka kidogo, na huo unafuu ndo unakufanya urudie kesho.

Rafael Nadal wa tenisi alikuwa anapanga chupa zake mbili za maji mbele ya kiti, moja nyuma ya nyingine, zimeelekea uwanjani kwa pembe ileile. Watu wakasema ushirikina. Mwenyewe alijibu kwamba ingekuwa ushirikina asingeendelea nazo hata akifungwa, ni namna ya kupanga vitu vya nje ili kichwa nacho kipangike. Jibu zuri sana lile.

Sasa yule wa kitasa ana kisa chake, na kinachekesha kidogo. Mwaka 2003 watafiti Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta, wawashe, wazime, wakague, tena na tena. Mwishoni walikuwa wanakumbuka sawasawa tu kama wenzao ambao hawakurudiarudia kulikagua, ila wao hawajiamini tena, picha kichwani imefifia. Yani unarudi kukagua ili uwe na uhakika, na kule kurudi ndo kunakula uhakika wenyewe, halafu unarudi tena.

Na sio kila anayependa vitu vipangike ana OCD (ugonjwa wa akili wa mawazo na vitendo vinavyojirudia mtu asiweze kuvizuia), watu wanalitupa hilo jina ovyo siku hizi. Wataalamu huangalia kama mambo hayo yanakula zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanamtesa mtu, au yanamharibia kazi na mahusiano. Akifika huko anahitaji msaada wa daktari, sio kutaniwa. Ila wewe wa TV kwenye namba 22 endelea tu, na wewe wa kitasa, siku nyingine funga mlango taratibu huku unaangalia mkono wako unavyozungusha ufunguo, mara moja, halafu ondoka.