Kwanta si jina la nguvu

Siku hizi hapa Dodoma neno kwanta linabandikwa popote: kwenye bangili za kuondoa uchovu, na zaidi kwenye ile mashine ya "kupima mwili mzima". Unaulizwa umri, urefu na uzito, unashikishwa fimbo ya chuma yenye waya, na muda si mrefu inatoka karatasi inayotaja ini, figo na kongosho. Ukiuliza imejuaje, unajibiwa kuwa nguvu za kwanta zimesoma mwili. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu mgonjwa akiliamini anaweza kuacha dawa zake.

Kwanta ni kipande kidogo kabisa cha nishati kinachotolewa au kupokewa kwa mara moja. Max Planck alilileta wazo hilo mwaka 1900, na mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kuwa mwanga wenyewe huja kwa vipande, ambavyo leo tunaviita fotoni. Kipande cha mwanga wa bluu ni kikubwa kuliko cha mwekundu. Basi, ni hivyo tu.

Sasa shika hili: ukubwa wa kipande ni jambo moja, wingi wa vipande ni jambo jingine. Anayeuza "nguvu za kwanta" anavichanganya, au hajawahi kuvitenganisha. Kipimo cha kwanta kweli kipo, MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, na hata Hospitali ya Benjamin Mkapa wanacho. Ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili huitikia mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, kwa sababu kipande cha mawimbi hayo ndicho kinachovitosha. Mawimbi ya masafa mengine, hata uyaongeze nguvu vipi, hayaitikiwi. Fimbo ya mkononi haina sumaku ya namna hiyo. Ikipima sana itapima umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na jasho la kiganja linatosha kubadili jibu. Figo hupimwa kwa damu na mkojo.

Mkanganyiko huohuo umepanda hadi kwenye mabati yetu. Kuanzia Chamwino mpaka Mpwapwa utasikia kwamba sola inachaji vizuri kwa sababu ya joto la huku. Hapana, inachaji kwa mwanga. Ili elektroni, chembe inayobeba umeme, ichomoke ndani ya silikoni iliyotengenezea sola, fotoni moja lazima iwe na nishati isiyopungua elektronivolti 1.1 hivi (hiki ni kipimo cha nishati ndogo sana). Fotoni ya kijani ina 2.3, inatosha na kuzidi. Jiko la mkaa uliokolea hutoa fotoni nyingi mno, lakini karibu zote ziko chini ya kiwango hicho, na ndogo mbili hazichangi zikafanya kubwa moja. Weka sola mbele ya jiko hilo usiku, utaichosha bure.

Tena joto linaipunguzia. Uwezo ulioandikwa nyuma ya paneli umepimwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hula kama asilimia 0.4. Paneli ikifika nyuzi 60 saa saba mchana, zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshapotea. Kwa hiyo fundi akitaka kuilaza sola juu ya bati moja kwa moja ili ipate moto, mwombe aiinue kidogo, upepo upite chini yake.