Mwendo wa Polepole wa Frieren: Unapofaa na Unapopwaya

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuhusu Frieren: Beyond Journey's End, mfululizo wa katuni za Kijapani (anime), ni kwamba inakwenda polepole mno, na wanaoitetea hujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ya kila siku ni kuamua picha ikae kwenye skrini kwa muda gani kabla ya kuikata, kwa hiyo jibu hilo halinitoshi. Kazi ya polepole inaweza kuwa nzuri au mbovu sawa na ya haraka, na la kuuliza ni jambo gani limepewa muda na jambo gani limenyimwa. Nikiipima kwa swali hilo, naona kwamba anime hii inapokuwa katika ubora wake si ya polepole hata kidogo: huruka miaka 50 kwa mkato mmoja, kisha hutulia juu ya jambo dogo ambalo mhariri mwingine angelitupa. Uzuri wake umo katika kanuni hiyo, na kasoro zake nyingi hutokea inapoisahau.

Mfululizo huu ulitengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō, kutokana na manga (hadithi ya picha ya Kijapani) iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Weekly Shōnen Sunday. Sehemu 28 za msimu wa kwanza zilirushwa Japani kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Hadithi inaanzia pale ambapo nyingine za aina yake huishia. Shujaa Himmel, kasisi Heiter, mbilikimo Eisen na Frieren, ambaye ni elfi, kiumbe wa ngano aishiye karne nyingi, wanarudi mjini baada ya safari ya miaka 10 iliyokwisha kwa kumwangamiza Mfalme wa Mazimwi. (Frieren nitamwita msihiri, kwa kuwa neno mchawi kwetu humtaja mtu wa kudhuru, naye si wa namna hiyo.) Usiku wanatazama vimondo vinavyopita mara moja kila miaka 50, na Frieren, ambaye ameishi zaidi ya miaka 1,000, anawaahidi wenzake kwamba mara ijayo atawapeleka mahali vinapoonekana vizuri zaidi. Anasema hivyo kama mtu anayepanga jambo la wiki ijayo.

Na kweli anarudi baada ya miaka 50. Himmel sasa ni kizee mwenye upara na ndevu nyeupe, na kimo chake kimepungua. Frieren anamwuliza habari za pembe ya joka aliyomwachia zamani, na mzee anaitoa kabatini, alikoihifadhi miaka yote hiyo ingawa inafuka nguvu mbaya isiyofaa kuwekwa chumbani. Kwa Frieren, pembe ile ingeweza kutupwa ghalani. Kwa Himmel ilikuwa amana ya rafiki. Onyesho lenyewe ni fupi, wala hakuna mhusika anayetueleza kwamba Himmel alikuwa akimngoja. Kabati linafunguliwa, pembe inatoka, nasi tunaelewa miaka 50 ilivyokuwa kwa kila mmoja wao. Himmel anapozikwa, Frieren analia mbele ya watu kwa sababu alisafiri na mtu huyu miaka 10 bila kufanya bidii ya kumjua. Kilio hicho kinatugusa kwa kuwa mhariri ametunyima sisi pia ile miaka 50: hatukumwona Himmel akizeeka, sawa na Frieren asivyomwona.

Kuanzia hapo safari ni ya kwenda kaskazini hadi Aureole, mahali ambapo roho za wafu zinasemekana kupumzika, ili Frieren apate kuzungumza na Himmel. Anafuatana na Fern, yatima wa vita aliyelelewa na Heiter, na baadaye na Stark, mwanafunzi wa Eisen. Mizani ya muda sasa inageuka. Frieren anatumia miezi akilitafuta ua la buluu lililodhaniwa kuwa limetoweka, kwa sababu tu Himmel aliwahi kulitaja kuwa ni ua la kwao, na kamera haionyeshi papara yoyote. Katika sehemu ya nne anakubali kusafisha ufuo uliojaa mabaki ya meli, kisha anaamka alfajiri ya mwaka mpya ili alione jua likichomoza, jambo ambalo zamani alilikosa kwa usingizi na kuwaacha wenzake walitazame bila yeye. Jua linatoka, na Frieren anaona kwamba ni zuri lakini halistahili mtu kukatiza usingizi wake. Ndipo anapogeuka na kumwona Fern akitabasamu. Mhariri mvivu angemaliza onyesho kwenye jua, kwa sababu ndiyo picha iliyogharimu kazi kubwa ya rangi. Hapa jua limetumika kama taa tu ya kuuangaza uso wa binti, na hatua ile ndogo, ya macho kutoka kwenye jua hadi kwa mtu aliye kando, ndiyo hadithi nzima.

Hata mapigano yake yanahusu muda. Zimwi Qual alifungiwa miaka 80 kwa sababu sihiri yake ya kuua haikuwa na kinga. Anapofunguliwa anakuta kwamba wanadamu wameichunguza sihiri hiyo kwa bidii hadi ikawa shambulio la kawaida wanalofundishwa vijana, na Fern anaizuia akishangaa kwamba ndiyo ile ile aliyojifunza. Aura, zimwi mwingine ambaye mizani yake humtia utumwani yeyote mwenye nguvu ndogo kuliko zake, anashindwa kwa sababu Frieren amezificha nguvu zake kwa karne nyingi, ujanja ambao zimwi linalojivunia nguvu zake haliwezi kuufikiria. Sijui mfululizo mwingine wa fantasia ambamo umri umegeuzwa kuwa silaha kwa umakini kama huu.

Kasoro ya kwanza ni Himmel mwenyewe. Kadiri safari inavyoendelea, kisengere nyuma, yaani kurejea matukio ya zamani, kinakuwa desturi: wasafiri wanafika kijijini, wanaombwa msaada mdogo, Frieren anakumbuka neno la Himmel, muziki wa Evan Call unapanda, na msaada unatolewa kwa kuwa hivyo ndivyo Himmel angefanya. Mara tano za kwanza nilisikia uzito wake. Baadaye nilianza kuiona kumbukumbu ikija kabla haijafika, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtu anayekumbukwa karibu hakosei kamwe. Majivuno yake ya kupenda sanamu zake ni kasoro ya kupendeza, isiyomgharimu mtu. Ikiwa Frieren anajuta kwamba hakumjua Himmel, basi na ajue pia la kumkera.

Ulimwengu wao nao hauzeeki. Sihiri inabadilika na nyuso zinakunjamana, lakini nyumba, nguo na vyombo vya kazi vinabaki karibu vile vile kana kwamba miaka 80 haikupita juu yake. Katika hadithi nyingine nisingelitaja hili.

Kuhusu mazimwi, maoni yangu yamegawanyika. Wazo kwamba wao hutumia lugha ya wanadamu ili kuwinda tu, kama zimwi la ngano zetu linaloiga sauti ya mama mlangoni, linatisha na lina mantiki. Mtoto wa zimwi ambaye Himmel alimwachia uhai anamwua mkuu wa kijiji na kumpeleka binti yake kwa mwanamke aliyepoteza mtoto kwa sababu ya zimwi huyo huyo, akidhani kwamba hesabu imelipwa; nililikumbuka onyesho hilo kwa siku kadhaa. Hata hivyo, hadithi inayotuhimiza tuwatazame wengine kwa subira inawafungia viumbe hawa mlango moja kwa moja, na baadaye inawatumia kama shabaha.

Udhaifu mkubwa uko katika mtihani wa wasihiri wa daraja la kwanza, ambao unachukua sehemu ya 18 hadi ya 28. Sababu yake ni sheria ya safari: bila msihiri wa daraja hilo, hawaruhusiwi kupita nyanda za kaskazini. Ghafla kuna watahiniwa wengi wenye majina ya Kijerumani, kila mmoja na sihiri yake, na siku mbili za kumkamata ndege mmoja msituni zinakula sehemu kadhaa. Huku ndiko kwenda polepole kwa kweli, maana muda mwingi umetolewa kwa watu ambao bado hatujapewa sababu ya kuwajali. Mzee Denken ndiye pekee niliyemfuatilia kwa moyo, hasa sihiri zinapomwishia naye akaamua kupigana kwa ngumi.

Lakini mtihani huo unamalizikia mahali pazuri. Serie, elfi mkongwe kuliko wote, anamwuliza Frieren ni sihiri gani anayoipenda zaidi, naye anataja ile ya kuotesha bustani ya maua. Anafelishwa. Fern anafaulu, na siku chache baadaye wanaagana na waliojuana nao kwa maneno machache, bila machozi, kwa sababu Himmel alikuwa akisema kwamba kulia wakati wa kuagana kungemwaibisha mtu siku ya kukutana tena.