Serikali ya muda: kwa nini ile ya Urusi ya 1917 haikumaliza hata mwaka

Serikali ya muda ni ile inayoshika nchi baada ya utawala wa zamani kuanguka, na kabla wananchi hawajachagua mwingine. Inatakiwa kuzuia nchi isisambaratike na kuandaa uchaguzi. Kwa kuwa haikuchaguliwa na mtu, kila inapotaka kuamua jambo zito huulizwa swali lilelile: nani kakutuma?

Mfano unaofundishwa zaidi ni Serikali ya Muda ya Urusi. Iliundwa tarehe 2 Machi 1917 na kuangushwa tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Tarehe ninazotumia hapa ni za kalenda ya zamani ya Kirusi, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa kila tarehe 7 Novemba.

Kwa nini haikudumu? Jibu la haraka ni kwamba Lenin, kiongozi wa chama cha Wabolshevik, aliiangusha, na ni kweli chama chake ndicho kilichoiangusha. Lakini ukifuatilia miezi ile minane utaona kwamba lile neno "muda" ndilo lililoifunga mikono. Karibu kila kitu ambacho wananchi walikidai iliwaambia wasubiri Bunge la Katiba, ambalo lingechaguliwa baadaye, kwa sababu yenyewe haikuwa na ridhaa ya kukiamua. Vita peke yake, vile Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Ujerumani, haikuviahirisha. Na vita ndivyo vilivyohitaji ridhaa ya watu kuliko jambo lingine lolote.

Tuanze na mkate. Tarehe 23 Februari, Siku ya Wanawake, wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd, mji mkuu wa wakati ule, waliochoka kupanga foleni ya mkate kwenye baridi kali, waliacha kazi na kuingia barabarani. Siku nne baadaye askari wa kikosi cha Volynsky, waliokuwa wameamriwa kuwafyatulia risasi waandamanaji, waligoma na kujiunga nao. Tsar, yaani mfalme, Nikolai wa Pili aliachia kiti tarehe 2 Machi, na mdogo wake Mikhail akakikataa kesho yake. Ukoo wa Romanov, uliotawala tangu 1613, ulikwisha katika siku zisizotimia kumi.

Sasa ingia ndani ya Jumba la Tauride mjini Petrograd, kwa sababu tatizo lote lilionekana mle. Upande wa kulia walikaa wabunge wa Duma, bunge la enzi ya Tsar, ambao ndio waliounda Serikali ya Muda chini ya kabaila Georgy Lvov. Upande wa kushoto kulijaa wajumbe wa Sovieti, yaani baraza la wafanyakazi na askari, watu wenye makoti ya vitani na matope kwenye viatu. Upande mmoja ulikuwa na vyeo, mwingine ulikuwa na watu.

Hata kabla serikali haijatangazwa, tarehe 1 Machi, Sovieti ilikuwa imekwisha kutoa Amri Namba 1. Kila kikosi kichague kamati yake. Silaha zikae mikononi mwa kamati, maofisa wasipewe. Amri za kijeshi zifuatwe pale tu zisipopingana na amri za Sovieti. Kipengele kimoja kinanigusa kila nikikisoma. Kirusi kina maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe": moja la heshima, na moja la kumwambia mtoto, rafiki au mtumishi. Maofisa walikuwa wakiwaita askari kwa hilo la pili. Amri ile ikapiga marufuku. Mtu aliyekuwa amekaa kwenye mahandaki miaka miwili na nusu aliambiwa kwamba kuanzia leo atasemeshwa kama mtu mzima. Baada ya hapo, nani angemrudisha nyuma?

Mambo yalikuwa dhahiri mapema. Tarehe 9 Machi, wiki moja tu baada ya serikali kuundwa, Waziri wa Vita Guchkov alimwandikia Jenerali Alekseev wa makao makuu ya jeshi kwamba serikali haina nguvu za kweli, na maagizo yake yanatekelezwa kwa kadiri Sovieti inavyoruhusu, kwa kuwa Sovieti ndiyo yenye askari, reli, posta na telegrafu.

Warusi waliiita hali hii mamlaka mbili. Sisi tungekimbilia methali ya mafahali wawili katika zizi moja, ila hapa haikai sawasawa, kwa sababu fahali mwenye nguvu hakulitaka zizi. Viongozi wa Sovieti wakati ule, wengi wao wa vyama viwili vya kijamaa, Wamenshevik na Wanamapinduzi wa Kijamaa, waliamini kwamba Urusi haijaiva kwa ujamaa, na kwamba zamu ile ilikuwa ya matajiri na wasomi. Basi wenye nguvu wakakataa kutawala, na waliokubali kutawala hawakuwa na nguvu.

Tuitendee haki serikali yenyewe. Iliwaachia wafungwa wa kisiasa, ikaruhusu magazeti na mikutano, ikafuta ubaguzi wa dini na wa asili mbele ya sheria, ikavunja polisi wa siri, na wanawake wakapata haki ya kupiga kura mwaka huohuo. Lakini ilivunja pia polisi wa kawaida na kuwaondoa magavana wa mikoa, halafu ikajikuta haina mkono wa kufika vijijini.

Na vijijini ndiko kulikokuwa na suala kubwa: ardhi. Wakulima walitaka mashamba ya mabwana yagawiwe. Jibu likawa wasubiri Bunge la Katiba. Bunge lenyewe lilihitaji sheria ya uchaguzi, na kamati ya kuiandika ilianza kazi mwishoni mwa Mei, miezi mitatu karibu imekwisha kupita. Uchaguzi ukapangwa Septemba, kisha ukasogezwa hadi tarehe 12 Novemba. Mkulima hakai kusubiri sheria wakati msimu wa kupanda umefika. Wakaanza kujigawia wenyewe. Habari zikafika mahandakini, ambako askari wengi walikuwa watoto wa wakulima, na kila mmoja akawaza kwamba nyumbani shamba linagawiwa naye hayupo.

Kujitoa vitani halikuwa jambo jepesi. Mwaka 1914 Urusi, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kwamba hakuna atakayefanya amani peke yake. Kulikuwa na madeni makubwa kwa washirika hao. Tena wengi waliogopa kwa dhati kwamba Ujerumani ikishinda, mapinduzi nayo yatazikwa. Lakini Waziri wa Mambo ya Nje Milyukov aliitamani Konstantinopoli (Istanbul ya leo) na mlango wake wa bahari, na barua yake ya tarehe 18 Aprili kwa washirika, iliyoahidi kupigana hadi ushindi, iliwafanya watu waingie barabarani kuipinga. Yeye na Guchkov wakang'oka. Mwezi Mei viongozi wa Sovieti wakaingia serikalini kama mawaziri, na kuanzia hapo lawama za serikali zikawa zao pia. Wabolshevik wakabaki nje, mikono yao haina lawama.

Aleksandr Kerensky, waziri mpya wa vita, alizunguka mstari wa mbele akihutubia askari, nao walimshangilia. Shambulio likaanza tarehe 18 Juni huko Galisia, jimbo la Austria-Hungaria. Siku za kwanza lilisonga. Kisha vikosi vikaanza kujadiliana kama vitii amri au visitii, Wajerumani wakarudisha mapigo Julai, na jeshi likavunjika kwa kukimbia. Kwangu hapa ndipo serikali ilipokufa, hata kama mazishi yalichelewa.

Mwezi huohuo mitaa ya Petrograd ilijaa watu wenye silaha wakiitaka Sovieti ishike nchi. Mmoja alimkunjia ngumi Waziri wa Kilimo Chernov, mmoja wa viongozi wa Sovieti, na kumfokea achukue madaraka anapopewa. Hakuyachukua. Kerensky akawa waziri mkuu, adhabu ya kifo ikarudishwa kwa askari walio vitani, na mwisho wa Agosti mkuu wa majeshi, Jenerali Kornilov, akapeleka askari kuelekea mji mkuu. Ili kumzuia, Kerensky alikubali wafanyakazi wapewe bunduki, na wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wakiwafuata Wabolshevik. Bunduki hazikurudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba mawaziri walikamatwa ndani ya chumba kidogo cha kulia chakula katika Jumba la Majira ya Baridi, makao ya serikali. Kerensky alikuwa ameondoka kwa gari asubuhi iliyotangulia, kutafuta askari watakaomtii. Siku hiyohiyo ya 26 utawala mpya ulitoa amri mbili: moja ya amani, moja ya ardhi.

Bunge la Katiba lililosubiriwa lilichaguliwa Novemba, na Wabolshevik hawakupata wingi. Lilikutana tarehe 5 Januari 1918, katika Jumba lilelile la Tauride, Chernov akiwa kwenye kiti cha spika. Alfajiri baharia mmoja mkuu wa walinzi alimwendea na kumwambia wajumbe watoke, kwa sababu walinzi wamechoka. Siku ya pili walikuta milango imefungwa.