Kumjali Mwanafunzi wa Chuo Kikuu: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana: Mhadhiri anayejali anadekeza.

Hii ndiyo naisikia zaidi hapa Unguja, na ndiyo inayoniuma. Nel Noddings, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika juu ya kujali tangu 1984, alisomesha hisabati skuli za sekondari kabla hajafika Chuo Kikuu cha Stanford. Hisabati haina kubembelezana. Kwake yeye, kujali ni kumsikiliza mwanafunzi mpaka ujue anachohitaji, na naye akahisi kuwa amejaliwa. Asipohisi, uhusiano haujatimia, hata nia yako iwe njema vipi.

Kwa hiyo nikimpa alama asizostahiki nimemdhulumu. Nikimwandikia pembeni "hoja dhaifu" bila ya kumwonesha ilipopotea, nimemdhulumu vile vile. Kinachomsaidia ni kazi kurudi mapema, mistari miwili mitatu juu ya hoja yake, na nafasi ya kuiandika tena.

Dhana: Aliyekaa kimya amefahamu.

Watoto wetu hulelewa wasimkatize mkubwa. Ukiuliza, "Mmefahamu?" darasa zima litakujibu, "Tumefahamu, Mwalimu." Isitoshe, mihadhara mingi ni ya Kiingereza, na nyumbani, sokoni na ndani ya daladala watu wanasema Kiswahili.

Mwaka wangu wa mwanzo kusomesha, binti mmoja wa Pemba alinyamaza muhula mzima, nami nikamhesabu mvivu. Baada ya mtihani akaja ofisini, akanipa shikamoo yake, akanieleza mada ile ile kwa Kiswahili cha kwao. Alikuwa akiifahamu kuliko nilivyoieleza mimi. Wiki zote zile sikuwahi kumuuliza.

Tangu hapo, dakika tano za mwisho kila mmoja huandika kwenye kikaratasi kile ambacho hakukifahamu, bila ya jina, kwa lugha aitakayo. Vikaratasi vya siku ya kwanza vilinitia khofu.

Dhana: Hao ni watu wazima, wajitegemee.

Watu wazima, ndiyo. Lakini aliyepanda boti bandari ya Mkoani, Pemba, na begi moja, akafikia dakhalia (bweni) au kwa jamaa, huku anangojea pesa za mkopo, bado ni mgeni. Mwaka 2014 Gallup, shirika la kura za maoni, na Chuo Kikuu cha Purdue waliwahoji wahitimu zaidi ya 30,000 wa Marekani. Waliokubali kwa dhati kuwa walimu wao waliwajali kama watu walikuwa asilimia 27 tu. Nadhani hata kwetu swali hilo linafaa kuulizwa.

Dhana: Ukijali utabeba shida za kila mtu.

Hapana. Msiba, maradhi na ada vina watu wake. Langu ni kuona mapema na kumfikisha mwanafunzi kwa watu hao.

Dhana: Darasa la watu 200 halijaliki.

Siwezi kuwajua wote kwa majina, na hilo linanisikitisha. Lakini vile vikaratasi navisoma vyote usiku ule ule, na somo linalofuata huanzia kwenye swali lililojirudia zaidi.