Zana za mtandaoni za kujenga wahusika na mandhari: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtandao hutoa picha ya juu juu tu.

Upo undani ambao hata aliyekuwepo hakumbuki, na mtandaoni upo. Chukua usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, usiku wa Mapinduzi ya Zanzibar. Kabla hujautia mbalamwezi katika hadithi yako, fungua kalenda ya mwezi kwenye timeanddate.com, chagua mji, kisha rudi hadi mwaka 1964. Utaona mwezi ulikuwa unakwisha, umebaki kipande chembamba kinachochomoza alfajiri, na mwezi mpya uliangukia tarehe 14. Usiku ule basi ulikuwa wa giza. Wahusika wako watatambuana kwa sauti, na mwenye kurunzi ataonekana kutoka mbali. Kibadilisha tarehe za Kiislamu nacho kitakuonyesha kwamba ni mwishoni mwa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, kwa hiyo mazungumzo ya jikoni yanajulikana. Na kwa kuwa mwezi unakwisha, bahari inaelekea bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida: Zanzibar tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na mashua iliyoelea asubuhi inaweza kukutwa imelala mchangani saa chache baadaye.

Kosa linalojirudia hapa ni la saa. Tovuti ikiandika 04:00, hiyo ni saa 10 alfajiri. Ukinakili "saa 4", tukio zima linahamia wakati mwingine.

Dhana: Ramani ya setilaiti ndiyo mji wenyewe.

Ni mji wa siku picha ilipopigwa. Kwenye Google Earth Pro ya kompyuta bonyeza alama ya saa, kisha sogeza kishale hadi mwaka wa hadithi yako. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa Aprili 2016, na mabasi ya mwendokasi yakaanza mwaka huohuo. Mhusika wa mwaka 2010 anayekwenda Kigamboni atapanga foleni ya pantoni (kivuko), na ile foleni yenyewe inaweza kukuzalia tukio. Kwa miji yetu mingi picha zilizo wazi huanzia miaka ya 2000. Nyuma ya hapo tafuta ramani za zamani zilizoskaniwa.

Dhana: Picha ya kumbukumbu haidanganyi.

Mkusanyo wa Humphrey Winterton, unaohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na unaangaliwa bure. Ni hazina. Lakini nyingi zilipigwa na wageni, na maelezo chini yake ni macho yao. Picha za studio, hasa zile za kadi za posta, zilipangwa: mavazi, mkao, hata mtungi wa pembeni. Kwa hiyo vuta picha karibu, uache aliyewekwa katikati, utazame kingo: nani amekaa barazani, nani hana viatu, mlango umetengenezwaje, mzigo umebebwa kichwani au kwa mzegamzega. Huko mara nyingi hakuna aliyepanga kitu.

Dhana: Programu ya kubuni majina inatosha.

Nyingi huchanganya majina ya "Kiafrika" bila kujali kabila, jinsia wala kizazi. Zitampa mwanamume wa Kijaluo jina la Atieno, wakati aliyezaliwa usiku akiwa wa kiume ni Otieno. Msomaji wa Kisumu ataifunga riwaya hapohapo. Njia bora ni orodha halisi za wakati ule: wabunge wa mwaka huo, au kikosi cha timu ya mkoa huo. Chukua jina la kwanza hapa na la ukoo pale, usimbebe mtu mzima mzima.

Dhana: Dodoso la maswali 100 huzaa mhusika.

Huzaa faili tu. Chakula akipendacho na rangi aipendayo havisukumi hadithi. Jibu matatu: anataka nini, nani anamzuia, na atamdanganya nani ili akipate. Mengine yaandike yanapohitajika.

Dhana: Hali ya hewa ni pambo, unaweza kubuni.

Pwani haikubali. Jahazi la tanga kutoka Muscat huteremka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na hurudi na kusi, upepo wa kutoka kusini. Ukilifikisha Mombasa mwezi Julai, umelipeleka kinyume cha upepo. Fungua earth.nullschool.net, ramani ya upepo, weka tarehe ya Januari kisha ya Julai, utazame mistari ya upepo inavyogeuka kwenye Bahari ya Hindi.