Je, wajua kwa nini bakteria huwa sugu kwa dawa ambayo hujawahi kuimeza?

Kwenye maduka ya dawa ya Ngamiani, Tanga, kuna hoja isiyokwisha. Mteja akitajiwa amoksilini anakunja uso: "Hiyo, dada, mwili wangu umeshaizoea. Nipe kali zaidi." Inasikika kama busara, maana kahawa na pombe mwili huzizoea kweli. Lakini antibiotiki haina shughuli na mwili. Inamwinda bakteria, na anayebadilika ni huyo bakteria. Ndiyo maana hata mtoto wa wiki moja, ambaye hajaonja dawa yoyote, anaweza kuambukizwa bakteria aliye sugu tayari.

Aliyesahihishwa hapo kwa kawaida huhamia kosa la pili, ambalo lina heshima zaidi kwa kuwa nusu yake ni kweli: kwamba usugu ni mambo ya ukoo. Jeni ya bakteria mmoja inakosewa wakati wa kunakiliwa, kosa lile kwa bahati linamwokoa na dawa, wenzake wanakufa, yeye anazaa. Hutokea. Kifua kikuu huwa sugu kwa njia hiyo, na kimelea cha malaria (ambacho si bakteria) kiliishinda klorokwini kwa mabadiliko ya aina hiyo, mpaka Tanzania ikaiacha mwaka 2001.

Njia hiyo, hata hivyo, haielezi karatasi ya majibu ya kuotesha mkojo, kipimo ambacho maabara huotesha bakteria wa kwenye mkojo na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Upande mmoja kuna majina ya dawa, upande wa pili herufi: S, dawa inafanya kazi, R, bakteria ni sugu. Si ajabu kukuta ampisilini R, tetrasaiklini R, septrini R, jentamaisini R, na mgonjwa mwenyewe anakumbuka kutumia moja tu kati ya hizo. Bahati nne, kwa bakteria mmoja, kwa mpigo? Hesabu inakataa.

Wajapani walikutana na fumbo hili miaka ya 1950. Walipata Shigella, bakteria wa kuhara damu, walioshindikana kwa dawa nne kwa pamoja, na katika choo cha wagonjwa hao kulikuwa na E. coli wa tumboni wenye usugu wa dawa zilezile nne. Mwaka 1959 Akiba na Ochiai walionyesha kwamba ukiwachanganya E. coli sugu na Shigella wasio sugu, Shigella wanatoka na usugu wote. Hapa hakuna aliyemzaa mwenzake. Kilichopita kati yao ni plasmidi: kipande cha DNA (kemikali inayobeba jeni), mara nyingi cha duara, kinachokaa ndani ya bakteria kando ya kromosomu yake na kujinakili kwa ratiba yake. Jeni kadhaa za usugu huweza kukaa kwenye plasmidi moja, kwa hiyo ikihama, zinahama zote.

Inahamaje? Fikiria doti ya kanga. DNA ina nyuzi mbili zinazoandamana, kama pande mbili za doti ambayo haijakatwa. Bakteria mwenye plasmidi hurusha unywele mwembamba, unamnasa jirani na kumvuta hadi wagusane. Kimeng'enya kinakata uzi mmoja wa plasmidi, na uzi huo unapenyezwa kwa jirani, mithili ya mtu aliyekata doti yake akampa shoga yake upande mmoja. Kwa watu mambo yangeishia hapo, kila mmoja na upande wake. Kwa bakteria, upande mmoja unatosha kuonyesha wa pili ulivyokuwa. Aliyetoa anafuma ulioondoka, aliyepokea anafuma uliokosekana, na baada ya dakika chache kila mmoja ana doti nzima. Mtoaji hakupungukiwa na chochote. Mpokeaji, kwa kuwa jeni za kutengeneza ule unywele zimo kwenye plasmidi hiyohiyo, sasa naye ni mgawaji. (Mfano unapwaya mahali pamoja: pande za doti hufanana, nyuzi za DNA hukamilishana.)

Si kila plasmidi inaweza kuhama, wala inayohama haipokelewi na kila jamii ya bakteria. Tena yanayotokea kwenye chupa ya maabara, yenye chakula tele na msongamano, si lazima yatokee vivyo hivyo kwenye utumbo wa mtu.

Kubeba plasmidi kuna gharama, na pasipo dawa ungetarajia bakteria waitupe. Wengine huitupa. Lakini baadhi ya plasmidi zina ujanja ambao ni vigumu kutouvulia kofia. Ile iitwayo F, ya E. coli, hutengeneza sumu pamoja na kiuasumu chake. Sumu hudumu, kiuasumu huoza upesi na lazima kitengenezwe upya kila mara. Bakteria mtoto akizaliwa bila plasmidi hurithi vyote viwili kutoka kwa mzazi, kiuasumu kinaisha, sumu inabaki, naye anakufa.

Dawa basi haimfundishi bakteria lolote. Inafagia wasio na kinga. Mfugaji akikoroga ule unga wa njano wa oksitetrasaiklini kwenye maji ya kuku wa kisasa, bakteria wanaosalia ni wenye jeni ya kujikinga nayo. Kama jeni hiyo iko plasmidi moja na ile ya ampisilini, usugu wa ampisilini nao unastawi, na ampisilini yenyewe haijafunguliwa. Herufi R nyingi kwenye ile karatasi hutokana na jeni kusafiri pamoja namna hiyo.

Kolistini, moja ya dawa za akiba hospitalini, ilidhaniwa kuwa salama kiasi, kwa kuwa usugu wake uliojulikana ulikuwa wa ukoo tu. Novemba 2015 wanasayansi wa China wakatangaza jeni ya usugu wa kolistini iitwayo mcr-1, iliyokaa kwenye plasmidi, kutoka kwa nguruwe, nyama ya madukani na wagonjwa. Mwaka 2017 China ilipiga marufuku kukuzia mifugo kwa kolistini. Viwango vya mcr-1 vikashuka, ingawa haikutoweka.